Krismasi njema, kutoka kwa akina Tamari

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake ziliisha tarehe 10, fulana za rangi ya chungwa tumeshazikunja, na sasa mawazo yote yako kwenye unga wa chapati na nauli ya ushago, ambayo kama kawaida imepanda.

Kikundi chetu cha akina mama kilizifunga siku hizo kwa somo ambalo mimi sijawahi kulisikia likihubiriwa Jumapili: 2 Samweli 13. Tamari, binti Daudi, anatumwa kwa Amnoni, kaka yake wa baba mmoja, anayejifanya mgonjwa ili apate kumbaka, na ndivyo alivyofanya. Anachukua unga, anaukanda, anaoka mikate huku kaka anamtazama. Mama mmoja akatuomba tusimame hapo kidogo. "Si mwaona? Alikuwa anampikia mgonjwa. Na bado kuna atakayeuliza alivaa nini." (Biblia inasema alivaa nini: vazi la mabinti wa mfalme wasioolewa. Alilirarua.)

Usomaji huu hatukuubuni sisi. Ulianza miaka ya 1990 Afrika Kusini, katika Kituo cha Ujamaa kule Pietermaritzburg, ukazaa Kampeni ya Tamari, na mwaka 2005 kampeni hiyo ikazinduliwa Kenya. Maswali yake ni mepesi, ila moja linachoma: kila mwanamume humu alichangia nini? Amnoni tunamjua. Lakini yupo Yonadabu, binamu aliyepanga hila. Yupo mtumishi aliyemtoa nje akakomea mlango. Yupo Daudi, aliyesikia yote, akakasirika sana, basi. Na yupo Absalomu, aliyemwambia dada yake anyamaze, kwani huyo ni ndugu yake.

Hapo tuliinamisha vichwa. Neno hilo kila mmoja wetu amelisikia kwa lugha ya kwao, tena mara nyingi kutoka kwa mtu anayempenda. Tamari alikuwa amekataa kwa kinywa chake, na alipofukuzwa alitembea akilia kwa sauti, majivu kichwani.

Mtaniuliza haya yanahusu nini Krismasi. Mathayo anafungua habari ya Yesu kwa orodha ya majina tunayoiruka kila mwaka ili tufike kwa malaika. Msiiruke safari hii. Katikati ya mababa yumo Tamari mwingine, mkwe wa Yuda, wamo Rahabu na Ruthu, na yumo "mke wa Uria", yule ambaye Daudi alituma watu wakamchukua. Aibu ya ukoo imeandikwa waziwazi. Kisha anakuja Mariamu na mimba yake, na Yusufu ambaye angeweza kumwaibisha mbele ya watu, lakini hakutaka.

Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda, wiki tatu tu baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto kwake Trans Nzoia, Jumapili, akitoka kanisani. Akitoka kanisani, jamani.

Mnaosafiri, mfike salama. Mkimkuta dada amerudi nyumbani na watoto na begi moja, msimwulize anarudi lini kwake. Simu ya 1195, ya msaada kwa waliotendewa ukatili wa kijinsia hapa Kenya, ni ya bure, usiku na mchana. Iandikeni kwenye kalenda mpya ya kanisa. Mimi nitakuwa kwa mama mkwe, na zamu yangu ya kukanda inaanza saa kumi na moja alfajiri.

Krismasi njema.