Mwenye gari ndiye mwenye muziki

Manchester,
Jumapili jioni

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitafuna. Hela ya bati nimeituma juzi kwa simu, ikifika nibipu.

Sasa lile swali lako. Simu ilikatika ukiwa unacheka, unauliza kama indi, huu muziki wa huku, ni wa Kihindi. Siyo. Ni kifupi cha neno la Kiingereza "independent", yaani kujitegemea, na mwanzoni halikuwa hata jina la mtindo. Lilikuwa habari ya gari la mzigo. Wewe uliyeuza kanda Ngamiani miaka yote ile utalielewa upesi kuliko vijana wa huku.

Mzee ninayepanga kwake ana santuri moja ndogo, haigusi mtu bila kunawa mikono. Ni ya Buzzcocks, bendi ya hapahapa. Walioianzisha, Howard Devoto na Pete Shelley, ndio walioileta bendi ya punk ya London, Sex Pistols, kupiga mjini hapa Juni 1976. Desemba mwaka uleule wakakopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakaingia studio siku moja, wakatoka na nyimbo nne. Hawakungoja kuitwa na kampuni ya London. Januari 1977 wakatoa nakala 1,000 kwa lebo yao wenyewe, yaani kampuni yao ya kutoa santuri. Zilikuja kufika kama 16,000.

Nilinawa, nikaligeuza jalada. Mbele wamepigwa picha chini ya sanamu katikati ya mji, pale ninapopandia basi. Nyuma wameandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi hadi ukakubalika, na kama kuna sauti iliyopachikwa baadaye. Fundi anakuonyesha mshono kwa ndani! Halafu kuna wimbo ambao gitaa likipewa nafasi yake linapiga noti mbili tu, zilezile, mpaka unatamani kumnyang'anya mpigaji. Nikasema hawa hawajui kupiga. Mzee alininunia hadi usiku.

Ikabaki shida uliyokuwa nayo wewe, kufikisha mzigo. Duka la Rough Trade la London, lililofunguliwa 1976, likaungana na wenzake wa mikoani wakawa wanasambaza wenyewe. Januari 1980 ikaanza orodha ya mauzo ya indi, na sharti lake halikuuliza gitaa wala mdundo: santuri isipite kwa wasambazaji wa makampuni makubwa. Basi. Si ndiyo ile yako ya kila siku, mwenye gari ndiye mwenye muziki?

Kampuni ya hapa, Factory, iliyozitoa bendi za Joy Division na New Order, ilivuka mpaka. Mkuu wao Tony Wilson, inasimuliwa kwa damu yake mwenyewe, aliandika kwamba wanamuziki ndio wenye kila kitu na kampuni haina chochote. Mwaka 1992 madeni yakawazidi, akaja mnunuzi, akaoneshwa ile karatasi: hakuna cha kununua. Nilipoisoma habari hiyo nilikukumbuka wewe na lile daftari lako la mikopo. Klabu yao, Haçienda, imevunjwa, pamejengwa fleti zenye jina hilohilo.

Neno lenyewe lilihama taratibu. Bendi ya The Smiths walikuwa indi kwa maana ya zamani, santuri zao zilitoka Rough Trade. Lakini waigaji wakawa wengi, na indi ikageuka kuwa jina la sauti: magitaa, vijana wembamba, huzuni. Gitaa la mpigaji wao Johnny Marr lingekupendeza, Mjomba, linadondosha noti mojamoja kama solo la muziki wa dansi. Ilipokuja bendi ya Oasis miaka ya 90, kampuni kubwa ya Sony walishanunua asilimia 49 ya lebo yao, Creation, na bado watu wakawaita indi. Gari la mwingine, jina limebaki. Mzee hataki kusikia habari za Oasis. Mimi nawapenda, ila nawasikiliza kwa spika za masikioni.

Zile kanda zilizobaki kwenye sanduku la bati, tafadhali usimpe mtu. Nikija Desemba nitazipitia na kalamu, zilizolegea nizizungushe. Mzee anaomba moja ya taarabu. Nimemwambia atanawa mikono.

Mpwa wako