Mbwa aliyeumwa na nyuki asinyweshwe maziwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wenzangu wanaofuga mbwa wa ulinzi mashambani hapa Tanga.

Wakati wa kiangazi nyuki huyafuata maji popote yalipo, na karai la mbwa wangu hapa Pongwe halikusalimika. Asubuhi moja alimdaka nyuki ukingoni mwa karai, akamtema, akaanza kujisugua mdomo kwa miguu ya mbele. Punde uso ulivimba hadi macho yakawa hayaonekani vizuri, na nilipompapasa mbavuni nikakuta vinundu kama punje za mahindi chini ya manyoya. Hadi hapo sikushtuka sana. Nilishtuka alipotapika na kuhara, miguu ya nyuma ikamlegea, na nilipoinua mdomo wake nikaona ufizi umekuwa mweupe kama nazi.

Majirani waliofika walikata shauri papo hapo kwamba wezi wamemlisha sumu, na mmoja akaja na kikombe cha maziwa. Nawashukuru, maana hapa pwani si kila mtu atakubali kuguswa na mate ya mbwa. Lakini mbwa aliyelegea akimiminiwa kitu kinywani huweza kukivuta mapafuni, na maziwa hayatibu mzio, yaani mwili kuipokea sumu ya nyuki kwa ukali kupita kiasi, ambao ndio uliompata mbwa wangu. Mzio mkali hutanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo la damu, na kwa mbwa ini na matumbo ndivyo huathirika zaidi; ndiyo maana anaweza kutapika, kuhara na kuanguka bila hata kuhema kwa shida, na watu wakadhani ni sumu. Kinachomwokoa ni sindano ya adrenalini, pamoja na dripu.

Tulimpakia kwenye bajaji. Duka la kwanza la dawa za mifugo lilikuwa na dawa za minyoo na za kupe hadi darini, lakini adrenalini hapakuwa nayo. Tuliipata kwa daktari wa mifugo wa mbali zaidi, na baada ya sindano nikaona ufizi ukirudi wekundu taratibu. Daktari aliukwangua mwiba uliokuwa bado mdomoni, kazi ambayo ningeifanya mimi palepale, kwa kuwa kifuko cha mwiba huendelea kusukuma sumu hata nyuki akishaondoka. Kisha akakataa kumruhusu hadi kesho yake, akisema mzio huweza kurudi saa kadhaa baada ya mnyama kuonekana amepona. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umekwisha na alibweka usiku kama kawaida yake.

Karai nimelihamishia barazani. Nyuki siwezi kuwahamisha, na mbwa huyu akiumwa tena hali inaweza kuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo nawaomba madaktari wa mifugo wanaohudumia kata za pembezoni wasikose chupa chache za adrenalini mikobani mwao. Dawa hiyo haihitaji jokofu kama chanjo.

Mkulima,
Pongwe, Tanga.