Kito anataka kula, ila hawezi

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi, ndugu yangu. Barua yako imenifikia na imenitia wasiwasi, ndiyo maana najibu leo leo. Unasema Kito, kinyonga wako, anamwona panzi, anamsogelea polepole, anafungua kinywa, ulimi unachungulia kidogo kisha unarudi ndani. Halafu wenzako wanakwambia umwache tu, njaa ikimzidi atakula.

Usimwache, tafadhali. Kinyonga aliyegoma kula hamtazami mdudu hata ukimpitisha mbele ya pua. Huyu wako anamtazama, analenga, anajaribu. Hamu anayo, kilichomshinda ni mwili. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na muda wa kusubiri huna.

Ulimi wa kinyonga huchomoka kwa urefu unaozidi kiwiliwili chake, kwa wengi mara moja na nusu hadi mbili. Umevikwa kwenye kijiti kigumu kinachotoka kwenye mfupa wa koo, na msuli unaokizunguka ukijikaza, ulimi hufyatuka. Sasa msuli hauwezi kujikaza sawasawa bila kalsiamu. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, ulimi huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kuonyesha: unatoka nusu, au unatoka kisha unachelewa kurudi. Mwili nao huanza kuichota kalsiamu kwenye mifupa, ndipo taya linakuwa laini na miguu inapinda.

Unamkumbuka yule jike niliyempokea akiwa tayari mgonjwa? Kilichonishtua zaidi kwake kilikuwa miguu. Alikuwa akipanda tawi anatetemeka, halafu badala ya kushika tawi anaushika mguu wake mwenyewe na kubaki hivyo hivyo, amejibana, hajui ajinasue vipi. Na alipofunga kinywa, mdomo wa chini haukukutana sawa na wa juu. Upande mmoja palibaki mwanya. Mtazame Kito mchana kwenye mwanga mzuri uone kama ana dalili hizo. Mtazame kwa macho tu, usimminye taya kulipima.

Sasa nijibu kuhusu taa. Ile taa yake ya UVB, yaani mionzi isiyoonekana kama ile ya jua, ina muda gani? Mwanga wake unaweza kuwa mkali vilevile ilhali mionzi yenyewe imeshafifia. Nyingi zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12, kutegemea aina. Na kama unategemea jua la dirishani, kioo kinazuia mionzi hiyo. Bila UVB ngozi yake haitengenezi vitamini D3, na bila D3 hata ile kalsiamu unayompa haifyonzwi ipasavyo. Panzi na nyenje wenyewe wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana tunawapaka unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa. Najua wewe unawapaka. Ndiyo sababu shaka yangu kubwa iko kwenye taa.

Lakini usifunge akili kwenye kalsiamu peke yake. Kuna kitu kimoja nataka ukichunguze kwa makini: ulimi ukifika kwa mdudu, je, mdudu ananata? Kama unamgusa vizuri kisha anabaki pale pale alipo, huenda tatizo ni upungufu wa vitamini A. Utando laini wa kinywani na machoni hubadilika, ncha ya ulimi inapoteza ile hali ya kunata, na mara nyingi kope nazo huvimba. Hapo ndipo watu hukimbilia kudondosha vitamini kinywani kwa kubahatisha. Usifanye hivyo hata kidogo. Vitamini A hujilimbikiza mwilini, na ikizidi ni sumu. Kipimo akitoe daktari.

Macho pia. Kinyonga anapokaribia kurusha ulimi huyaelekeza macho yote mawili kwa mdudu ili apime umbali, kwa hiyo jicho moja likiwa na maumivu atakosea shabaha hata kama ulimi ni mzima. Kinyonga anayefumba macho mchana ni mgonjwa, huo si usingizi. Macho yakiwa yamezama ndani na ile sehemu nyeupe ya kinyesi imegeuka njano au rangi ya chungwa, amepungukiwa maji. Nyunyizia majani kwa muda mrefu zaidi, mpaka matone yatiririke, maana vinyonga kwa kawaida hawajui maji ya bakuli.

Akifungua kinywa kulenga, chungulia haraka. Wekundu kwenye ufizi, usaha, mate mazito yanayovutika, au ulimi uliovimba, yote hayo ni ya kumwona daktari upesi. Baridi na minyoo navyo huzuia kula, ila hivyo kwa kawaida huondoa hamu yenyewe, na si hali ya Kito.

Mpaka umfikishe kwa daktari, mpunguzie umbali. Weka mdudu mdogo, asiyezidi upana wa kati ya macho yake, kwenye kikombe kirefu ukishike karibu na kinywa, au mshikie kwa koleo laini amnyakue kwa taya. Usimpanue kinywa kwa nguvu, taya laini huvunjika. Usimmiminie maji wala uji, vikiingia mapafuni utakuwa umemwongezea ugonjwa mwingine. Pale anapoota joto, kwa kuwa ni wa aina ya Yemeni, nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi zinatosha. Bila joto hata alichomeza hakisagiki. Usiku toa nyenje wote waliobaki kizimbani, wanaweza kumng'ata mnyama asiye na nguvu ya kujitetea.

Tafuta daktari wa wanyama anayewajua reptilia, kwa sababu si kila daktari amewahi kuwatibu. Beba kinyesi kibichi, picha ya taa na ya makopo ya virutubisho, na video fupi ya Kito akijaribu kula. Hiyo video ni muhimu sana, maana akifika pale atanyamaza tu mezani na daktari hataona chochote. Pengine watampiga eksirei kuangalia mifupa na kumpa kalsiamu kwa kipimo. Nguvu ya ulimi inaweza kurudi, ila pole pole. Mifupa iliyokwisha kupinda hainyooki tena. Na hata ikitokea ulimi umeumia kiasi cha kukatwa, usikate tamaa, wapo vinyonga wanaojifunza kula kwa taya kutoka mkononi au kwenye kikombe, wakaishi.

Niandikie mara tu utakapotoka kwa daktari, uniambie amesema nini kuhusu mifupa na amekupa dawa gani. Kama itabidi alishwe kwa mkono kwa muda, nipangie siku zangu. Nitakuja tupokezane.

Wako,
Mwanaidi