Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: semina ya lugha ya alama isiyo na kiziwi

Ndugu Mkurugenzi,

Tunakupongeza kwa semina ya siku tatu ya lugha ya alama wiki iliyopita. Ukumbi ulipambwa, chai ilitosha, vyeti vimetolewa. Kiziwi hakuwepo hata mmoja. Walimu wa kitengo cha wanafunzi viziwi wameondoka na chati ya herufi za vidole.

Herufi za vidole si lugha. Mtoto asiyejua neno "mvuke" hasaidiki kwa kuandikiwa m-v-u-k-e hewani. Watoto viziwi wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia na wanafika darasa la kwanza bila lugha yoyote iliyokomaa. Hilo neno wamelipata wapi?

Kijitabu cha semina nacho kimechora mikono miwili na uso mkavu. Alama ni umbo la mkono, mahali, mwendo, uelekeo wa kiganja, na uso. Chukua "umemaliza" na "umemaliza?" Kwa mdomo, sauti ndiyo hutofautisha, kwa alama, ni uso. Mwalimu aliyejifunzia kwenye picha huuliza swali, darasa zima likadhani anatoa taarifa. Asipojibiwa, anaandika: "Hawaelewi."

Mwaka jana uliahidi, mkalimani akitafsiri, kwamba viziwi watashirikishwa. Tunahisi kikwazo ni sharti la cheti cha ualimu, au fungu liliishia kwenye chai. Cheti hicho wangekipataje, nao walifundishwa kwa chati hizo hizo? Ibara ya 24 ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataka waajiriwe walimu wanaoijua lugha ya alama, wakiwemo wenye ulemavu wenyewe.

Tunapendekeza mafunzo ya muda wa saa mbili kila Jumamosi, muhula mzima, kiziwi akifundisha bila sauti. Mkalimani siku ya kwanza tu, maana akizoeleka walimu watamtazama yeye. Wakae nusu duara, na dirisha lisiwe nyuma ya mwezeshaji, mikono itageuka kivuli. Kupima hakuna gharama: mwalimu arekodiwe kwa simu akisimulia kisa cha dakika moja, kisha kiziwi ambaye hakuwepo aeleze alichoelewa. Asipoelewa, cheti kisubiri.

Viziwi wawili, Ndugu Mkurugenzi. CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, inawafahamu. Wawili tu, kwa posho ile ile aliyolipwa mwezeshaji wa wiki iliyopita, kabla shule hazijafunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Viziwi na wazazi wa watoto viziwi