Shukrani za familia kutoka Majengo, baada ya arubaini ya kijana wetu

Assalamu alaykum ndugu, jirani na marafiki, Waislamu na Wakristo mliotushika mkono.

Arubaini ya mdogo wetu imekwisha. Baba ameniagiza mimi, mwanawe mkubwa, niandike, kwani yeye kila akishika kalamu huiweka chini. Alhamdulillahi kwa kila hali. Alikuwa na miaka 19. Alianguka uwanja wa Kamukunji Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, na hakuna aliyemgusa. Mpira ulikuwa upande wa pili. Wenzake walidhani ameinama kufunga viatu.

Kocha, tunaanza na wewe. Ulimkandamiza kifua pale pale vumbini, ukaendelea kwenye kiti cha nyuma cha teksi huku umepiga magoti, hadi lango la hospitali. Ulipotelemka mikono ilikutetemeka hata kifuniko cha chupa ya maji kikakushinda. Tangu siku hiyo umeniuliza mara tatu kama ulichelewa. Hukuchelewa. Iliyokosekana ni mashine ya kushtua moyo, na wewe mipira yenyewe unainunua kwa pesa za mfukoni.

Usiku ule ndio ulikuwa mgumu kuliko yote. Daktari wa zamu alituomba ruhusa ya uchunguzi wa maiti. Wazee wakasimama: maiti haicheleweshwi. Kwenye varanda walikuwapo waliokwishaanza kunong'ona kuwa kijana karogwa. Mama alikuwa sakafuni, hasikii la huyu wala la yule. Saa tano za usiku, mvua inanyesha, imamu wetu akafika kwa bodaboda, kanzu imelowa hadi magotini. Alisikiliza kila mtu, kisha akamuuliza daktari swali moja: je, yupo aliye hai atakayefaidika? Daktari akajibu, huenda ni ndugu zake wote. Imamu akamgeukia Baba, akasema, "Wampasue kwa heshima, nasi tutamwosha kwa heshima." Mwenyezi Mungu akulipe, sheikh wetu. Bila neno lile tungezika na kurudi nyumbani na jini letu.

Jumatatu asubuhi daktari wa uchunguzi alitutoa nje, akakunja ngumi kutuonyesha. Moyo wa mwanamume mzima huwa na uzito wa gramu 300 hadi 350 hivi. Wa mdogo wetu ulikuwa gramu 540. Ukuta wa katikati ulikuwa umenenepa hadi nafasi ya damu ikawa finyu, na nyuzi za misuli zimevurugika kama mkeka uliosukwa ovyo, kwa hiyo umeme unaouendesha moyo unaweza kupotea njia ghafla, hasa mtu akiwa mbioni. Kwa kitaalamu huitwa haipatrofiki kadiomayopathi. Ni ugonjwa wa kurithi. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto anayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuuchukua, awe wa kiume au wa kike. Wala si ugonjwa adimu kama tulivyodhani: madaktari hukadiria mtu 1 kati ya 500, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua.

Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri, makaburi ya Kariokor.

Sasa niseme linaloniuma. Mwaka jana alizimia mara mbili akifanya mazoezi. Kliniki tuliyompeleka ikasema presha imeshuka, anywe maji na glukosi. Hakuna aliyetuuliza kama ukoo wetu una mtu aliyekufa ghafla. Na yupo: baba mdogo alianguka akiwa na miaka 31, njiani kwenda swala ya Ijumaa, na sisi tulisema ni upepo mbaya. Kocha ndiye aliyetukumbusha, tukiwa matangani, Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Naye walimkuta na moyo wa namna hii. Kocha aliiona mechi hiyo kwenye televisheni, na hakuwaza kwamba siku moja yatamfika kwenye timu yake.

Mchango wenu ulitosha mazishi, zikabaki shilingi 31,400. Kamati ilikubali pesa hizo zitupime sisi tuliobaki. Hapa namshukuru dada wa eko, yaani kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, ambaye hakutaka jina lake liandikwe. Alitupokea baada ya saa za kazi, watu wanne jioni moja, na kwa kipimo cha Baba dada huyu hakutoza hata senti. Jeli ile ni baridi kama barafu, basi akaibana chupa kwapani ipate joto kabla ya kumpaka mzee kifuani. Mimi na mdogo wangu wa kike tumekutwa salama, ila tutarudia baada ya muda kwa kuwa unene huu waweza kuchelewa kujitokeza. Kaka yetu anayebeba belo Gikomba, kijana wa miaka 24 asiyejua hata mafua, ukuta wa moyo wake ulikuwa milimita 19. Kwa mtu mzima, 15 tu zinatosha kumtia daktari shaka. Ameacha belo. Anameza dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na madaktari wanapima kama atahitaji kifaa cha kupandikizwa kifuani kitakachoushtua moyo ukipotea.

Na Baba anao. Miaka 58, hajawahi kulalamika. Alikaa siku tatu hazungumzi, kisha akasema, "Kumbe ni mimi niliyempa." Mzee wa nyumba ya pili, Mkristo, fundi viatu, alikuja na kigoda chake akakaa naye kila jioni, mara nyingi bila neno, hadi Baba akaomba chai. Mzee, tunakupenda.

Wengine niwataje haraka: waosha maiti na wachimba kaburi, kina mama wa chama walioleta masufuria na kupika siku zote tatu, wachuuzi wa Gikomba waliofunga vibanda, wanabodaboda wa stejini, walimu na wanafunzi wenzake, wajomba waliosafiri usiku kutoka Mombasa na Garissa, waliotoa tenti na viti, waliosoma khitma, mliotuma kwa M-Pesa bila jina, mliopiga simu mkalia nasi.

Mtuwie radhi, tena sana. Daftari la mchango lilimwagikiwa chai siku ya pili na kurasa mbili hazisomeki. Kama ulitoa na hukusikia asante, si dharau. Wako pia waliofika matangani wakakuta chakula kimekwisha, na wageni wa Mombasa waliokosa mazishi kwa sababu saa ilibadilishwa mara mbili. Kosa ni letu, tusameheni.

Pesa ya eko bado ipo ya watu wawili. Shangazi wa Kibera, hii ni yako. Najua umesema wanao wana afya na hutaki kuchokoza. Na kaka yetu alikuwa na afya. Dada wa eko ametuwekea Jumanne baada ya alasiri. Mimi nitakuja kuwachukua mwenyewe, kwa nauli yangu.

Wabillahi tawfiq,
Binti mkubwa, kwa niaba ya familia
Majengo, Nairobi