Barua ya Malalamiko: Kukatiwa Game of Thrones Siku ya Mwisho na Kudhalilishwa Kaunta

Busia, Uganda
23 Mei 2019

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Pokeeni salamu zangu kwanza, maana nililelewa kusalimu hata nikiwa na hasira, na hasira ninayo.

Jumatatu tarehe 20, saa kumi kamili alfajiri, dikoda yangu iliandika kwamba sijalipia. Nimelipia. Jumamosi nilituma shilingi 210,000 kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha ninao, na Jumapili jioni picha zilikuwa safi. Wiki sita mlitutangazia kwamba tutatazama tamthilia ya Game of Thrones hadi sehemu ya mwisho saa ile ile na Marekani, kwao ikiwa saa tatu usiku. Nyumbani kwangu tulikuwa watu saba. Jirani zangu wawili waliotoka kula daku walikuja na chupa yao ya chai. Tukabaki kukodolea macho kioo cha buluu. Namba yenu niliipiga mara kumi na moja nikasikia muziki tu. Saa moja asubuhi mkanitumia meseji: "Umeuonaje mwisho?"

Hata hivyo, mashine huharibika, hilo ningelimeza. Ninaandika kwa sababu ya kijana wenu wa kaunta.

Nilipofika ofisini kwenu nilimwambia, "Mwanangu, nimelipia na nimekatiwa. Nirudishie matangazo, na tafadhali usinisimulie chochote, nitatazama marudio jioni." Akacheka. Akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Mama, Jon kamchoma kisu malkia wako Daenerys, na Bran ndiye mfalme. Sasa marudio ya nini?" Foleni nzima ikacheka. Akaongeza: "Kama hadithi inakuuma hivyo, si ungesoma kitabu?"

Kitabu kipi, Bwana Meneja? Vyote vitano vya hadithi hii ninavyo, nilivinunua kimoja kimoja Kampala, vingine vimeng'oka jalada. Cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza. Cha sita mpaka leo tunakingoja. Mwisho huo haumo katika kitabu chochote. Kwa sisi tuliosoma, ulikuwa katika sehemu ile moja mliyotukatia. Sehemu ni 73. Nilitazama 72 kwa miaka minane, huku nikiuza mitumba mpakani na kulipia kila mwezi.

Najua msimu huu umeudhi wengi. Zaidi ya watu milioni moja wametia saini wakitaka utengenezwe upya. Sisi wenyewe kwenye vita vya sehemu ya tatu tulizima taa zote na bado tuliona vivuli tu. Kile kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani na watengenezaji tulikijadili sokoni wiki nzima. Na tangu Daenerys achome mji hali kengele za kusalimu amri zimekwisha kulia, mimi na mdogo wangu hatuelewani: yeye anasema ukatili ulikuwa ndani yake tangu mwanzo, mimi namtetea. Nilitaka kumwona hadi dakika yake ya mwisho kwa macho yangu, ndipo nikubali kushindwa au nikasirike kama wale milioni. Hasira hiyo ilikuwa haki yangu, nimeilipia.

Narudia yaliyotokea kaunta, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nilimwomba asiseme. Nilisema tafadhali. Simu yenye ujumbe wa malipo ilikuwa mkononi mwangu, hakuitazama. Alinikazia macho, akageukia foleni kama mtu anayetafuta wa kumshangilia, ndipo akatamka. Mdogo wangu aliyesimama kando yangu aliziba masikio, akachelewa. Msimamizi alikuwa nyuma ya kijana huyo anakunywa soda na hakuinua kichwa. Mimi nina umri wa mama yake yule kijana. Nilitoka pale nikiwa nimefunika uso kwa leso.

Nataka pesa zangu za mwezi huu zirudi. Nataka pia barua ya kuomba radhi, yenye saini ya kijana na ya msimamizi. Na kadiri ninavyoandika naona barua peke yake haitoshi: aniombe radhi pale pale kaunta, mbele ya foleni, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuwafanya watu wanicheke.

Nawapa siku saba. Zikipita, malalamiko haya pamoja na ujumbe wa malipo na meseji yenu ya saa moja asubuhi nitayapeleka Tume ya Mawasiliano ya Uganda, Kampala, kwa miguu yangu. Na wale wenye maduka sita katika safu yetu, walionunua dikoda zenu kwa sababu mimi niliwashawishi, nimekwisha kuwasimulia. Wanangoja jibu lenu kama mimi.

Dikoda nimeichomoa. Iko kwenye mfuko pamoja na kadi na rimoti yake, karibu na mlango.

Mama Sifa,
Mfanyabiashara wa mitumba, Busia