Mwanangu, kabla hujaiwasha tena hiyo Land Rover

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Shangazi yako yuwaendelea vizuri alhamdulillahi, jana amekula uji wote na akaulizia habari zako, basi usiwe na wasiwasi na huku Lamu. Mimi ndio sikulala. Ulivyonipigia baada ya isha ukanambia baba breki yaenda chini kidogo lakini nikipampu mara mbili yashika, ukalisema kama jambo dogo tu alafu ukaanza kunieleza bei ya barafu, mie hapo nikawa sikusikii tena. Huku mitaani gari hamna, ni punda na mashua, usiku kimya, nimelala macho mpaka adhana ya alfajiri nikiwaza hiyo pedali tu. Ndio nakuandikia refu hivi, soma yote usirukeruke.

Kwanza gari isitoke. Samaki wa Ngomeni kodi pikapu ya mtu ikawachukue, utapata hasara ya siku mbili tatu, na iwe.

Alafu fanya hivi gari ikiwa imesimama. Kanyaga pedali mara moja polepole uwache mguu hapo hapo. Kama yaenda chini lakini ya pili yaja juu na iko ngumu, mara nyingi ni shuu, vile vipande vya breki vinavyosukumwa vishike, zimekwisha ama zimekaa mbali na dramu, lile beseni la chuma linalozunguka na tairi, hiyo ni ya kurekebisha tu, kuna bolti nyuma ya dramu, wanyanyua tairi waikaza mpaka tairi ikatae kuzunguka kisha wairudisha kidogo kidogo mpaka izunguke bila kukwaruza. Kama pedali ni laini kama wakanyaga sponji, upepo umeingia kwenye bomba za breki. Na kama umekanyaga na mguu wazidi kushuka wenyewe taratibu, ama masta silinda, ile pampu ya oili inayosukumwa na pedali, imekufa ndani ama kuna mahali pavuja, na hapo gari haiendi hata msikitini.

Ukinyanyua tairi ya nyuma usije ukategemea handbreki, hili nisikie vizuri. Handbreki ya hii gari yetu haishiki tairi kama gari zingine, yashika propela, ile fimbo ya chuma inayozungusha ekseli, ni dramu moja tu iko nyuma ya giaboksi. Tairi moja ya nyuma ikiwa hewani difu, zile gia za katikati ya ekseli, yaiwacha izunguke peke yake, na gari yote yaweza kuteleza ikakudondokea kutoka kwa jeki na handbreki umeivuta mpaka mwisho. Weka mawe mbele na nyuma ya tairi zilizobaki chini. Mawe ya kweli, si vifuu vya nazi kama nilivyokukuta siku ile.

Sasa ingia chini na tochi uangalie upande wa ndani wa kila tairi. Paliporowa, gusa kwa kidole, usugue na gumba, unuse. Oili ya difu ni nzito, yavutika, na harufu yake yafanana na yai viza. Oili ya breki ni nyepesi yateleza kama maji ya sabuni na ikigusa rangi yaibambua, basi nawa mkono upesi. Nataka ujue kutofautisha mwenyewe kabla fundi hajakwambia chochote.

Ikiwa ni ya difu, usikimbilie kubadilisha oili sili, ile raba inayozuia oili isitoke, kwanza. Pale juu ya ekseli kuna kidude kidogo cha kupumulia, kama nati tu ukikiona, na matope yakikiziba, ekseli ikipata moto ile hewa ya ndani yafura haina pa kutokea, basi yasukuma oili yapita kwa sili yaingia kwenye dramu, na shuu zikilowa oili hazishiki tena. Na ukiingia kwenye maji ekseli ikiwa moto yapoa ghafla, hapo yavuta maji ndani. Wakumbuka ile mvua tuliyokwama njia ya Marafa? Nilipofungua bolti ya chini ya difu wiki ilofuata ilitoka chai ya maziwa. Rangi ile ile kabisa, hata povu. Ningeiwacha mwezi mmoja zaidi beringi zote zingekwisha. Kwa hivyo kila ukivuka maji, kidude hicho kisafishe kwa dizeli na ile bolti ya chini ufungue kidogo uone rangi ya oili.

Ikiwa ni ya breki basi fuata na bomba zake zote mpaka mbele. Ni za chuma na chumvi yazila kutoka nje, waziona zimevimba kutu kama gamba, ukikwaruza na bisibisi palipo salama patang'aa na palipooza bisibisi yazama. Hii gari yetu imekula chumvi kuliko kawaida, wajua mwenyewe, upepo wa bahari, vumbi la Gongoni pale kwenye mashamba ya chumvi, na kubwa zaidi ni yale maji ya barafu na samaki yanayodondoka kutoka nyuma miaka yote hii. Watu husema Land Rover haiozi kwa kuwa bodi ni aluminiamu. Bodi sawa, lakini chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma na yaoza kutoka ndani, na pale aluminiamu inapokutana na chuma hutoka ule unga mweupe unaoupangusa na kidole. Chukua nyundo ndogo uigongegonge chesisi, palipo pazima palia kama kengele, palipooza sauti yafa, pwa, kama wagonga kadibodi. Ukisikia pwa tia alama ya chaki. Na kila siku ya samaki ukishashusha, mwagia chini yake maji matamu ya mfereji, si ya kisima chetu, yale yana chumvi.

Haya, sasa kuna jambo sijawahi kukwambia na mamako tulikubaliana tusikwambie.

Wakumbuka siku tulipoenda kuangalia viboko pale mto Sabaki? Ulikuwa na miaka saba, mpaka leo huwasimulia watu. Hatukwenda kuangalia viboko mwanangu. Tairi ya nyuma kulia ilikuwa yavuja oili ya breki wiki tatu, nikawa naongeza tu kila Jumatatu, ile raba ya ndani inayozuia oili ya breki isivuje ni bei ya mikate miwili lakini nikawa najiambia itafika, nikimaliza msimu ntatengeneza. Tumetoka Ngomeni tumejaza, wewe umekaa katikati yangu na mamako, twashuka kuelekea darajani, nakanyaga pedali ikaenda mpaka chini ikabaki huko. Napampu hakuna kitu. Breki za hii gari ni njia moja, oili ikitoka tairi moja zote nne zimekwenda. Nikatia gia ya tatu, nikatia ya pili, ingini yalia, handbreki naivuta kwa kuiba kwa sababu ukiivuta kwa nguvu gari ikienda wakata ekseli ndani, na mbele yetu pale darajani mtu avusha mbuzi wake. Nilielekeza kwenye mchanga wa kando ikasimama imeinama. Mamako alikuwa amekushika kichwa. Ukauliza mbona tumesimama, nikakwambia shuka tuangalie viboko. Ukasema umewaona wawili. Mie sikuona kitu, miguu yatetemeka nimeshika mlango.

Ndio maana jana sikuweza kuongea.

Toka siku ile sijawahi kukaa bila raba mpya za breki nyumbani. Ziko kwenye kile kikopo cha Blue Band juu ya kabati la mamako, seti mbili, zimefungwa kwa karatasi, zipanguse na oili ya breki kabla ya kuzitia, usitie grisi ya kawaida zitafura. Kesho asubuhi fungua dramu ya nyuma kulia kwanza, unitumie picha ya ndani kabla hujagusa kitu.

Babako